Rivyu: semina ya bure ya usafirishaji haramu wa watu pale kwetu Mishomoroni, Mombasa, nyota nne, na ile moja nimeikata nikijua

Mie si mtu wa kuandika rivyu, ya mwisho niliandika ni ya friji mwaka juzi na hata hiyo niliandika kwa hasira. Lakini watu wamezidi kuja hapa kibandani kuniuliza ile semina ya Jumamosi ilikuwaje, ina maana ama ni zile za kupigwa picha na kugawiwa tisheti, kwa hivo acha niandike mara moja, mtu akiniuliza namtumia linki naendelea na kazi yangu.

Nina kibanda cha M-Pesa, huu mwaka wa sita. Walioandaa semina ni kikundi cha akina mama waliorudi kutoka Saudia na Oman, hawana ofisi wala bango, wanakutana kwa nyumba ya mmoja wao, na waliniachia karatasi zao juu ya meza wiki mbili kabla. Sasa wifi yangu mdogo alikuwa ndo yuko katikati ya mambo ya kwenda Riyadh, pasipoti ishatoka, medikali bado, nikamwambia twende hata kama ni kunywa chai tu. Ilikuwa ile wiki ya tarehe 30 Julai, ambayo kumbe ndo siku ya dunia ya kupinga usafirishaji haramu wa watu, Umoja wa Mataifa waliiweka mwaka wa 2013, mie nilikuwa sina habari kama kuna siku ya hivo.

Nianze na mabaya niyamalize. Karatasi ilisema saa mbili asubuhi, tumeanza saa tano na dakika kumi. Saa tano! Nimefunga biashara Jumamosi, siku ambayo watu wanatumiana pesa za harusi, niko kwa kiti cha plastiki nahesabu feni. Projekta iliwaka dakika ishirini stima ikapotea, ikawa ndo mwisho wa projekta. Chai ilitosha, mahamri hayakutosha, waliokaa nyuma walipata ya kusikia harufu. Kuna bwana alialikwa kutoka ofisi fulani akaongea nusu saa kwa vifupisho, herufi tatu tatu, herufi nne nne, bibi mmoja kando yangu akaniuliza huyu anasoma namba za gari ama ni nini. Na nusu ya watu waliuliza kwanza kama kuna nauli ya kurudi kabla hawajauliza semina ni ya nini, hiyo si makosa ya waandalizi, sisi ndo tumezoeshwa vibaya na semina za wafadhili, lakini inachosha.

Halafu zile picha. Ukutani walibandika bango la msichana amefungwa minyororo mikononi, analia, nyuma kuna giza. Mie hilo bango ningeling'oa. Nimekaa hapa miaka sita nimeona wasichana wa mtaa huu wakienda, hakuna hata mmoja alienda na minyororo, wameenda wamesuka, wamepaka hina, sanduku jipya la magurudumu, wanapigwa picha na mama zao, wengine wamevalishwa tisheti za ajenti rangi moja kama watoto wa shule wanaenda tripu. Ukimuonyesha mtu minyororo atasema alhamdulillahi mie sina, na ataenda zake.

Lakini projekta ilipozima ndo semina ikaanza kuwa semina. Yule dada aliyekuwa anaongoza, mwembamba hivi, amekaa Dammam, Saudia, miaka mitatu, aliacha kabisa zile slaidi akavuta kiti katikati akasema tuzungumze. Kitu cha kwanza alichosema, na hapa ndo nilimpenda, ni kwamba hakuja kumwambia mtu asiende. Ati kazi hapa tunazijua, mtu anafua kwa watu Nyali kutwa nzima anarudi na mia tano, ukimwambia kuna riyali 900 kwa mwezi, ambayo ni kama elfu thelathini za kwetu, utamzuia na nini, na dua? Akakumbusha mwaka wa 2014 serikali yetu ilipofunga kabisa, ikafuta leseni za maajenti zaidi ya mia tisa kwa mpigo, na watu hawakuacha kwenda, wakapitishiwa Uganda, ikawa mtu yuko Saudia na ubalozi wetu hata haujui kama yupo. Yeye mwenyewe aliondoka wakati huo, kwa basi hadi Kampala. Marufuku ikaja ikaondolewa 2017, lakini yeye alikuwa ashaingia zamani.

Alivosimulia ya kwake hakulia wala hakutafuta kuliliwa, alisimulia kama mtu anakueleza njia ya kwenda posta. Amefika, maktab, yaani ile ofisi ya kule inayoleta wafanyakazi, wamempokea, simu imechukuliwa, pasipoti imechukuliwa, nyumba aliyoambiwa ni ya watu wanne ni ghorofa tatu na watu kumi na wawili, na akishamaliza hapo Alhamisi anapelekwa kwa dada yake madam kusafisha huko pia, mshahara ni mmoja. Mwezi wa nne hajaona riyali. Akiuliza anaambiwa tumekununua. Hilo neno, tumekununua, alilirudia mara mbili akanyamaza kidogo, ukumbi mzima ukawa kimya hadi watoto.

Akaeleza hilo neno linatoka wapi, na mie nimekaa kwa biashara ya pesa miaka yote hii sikuwa nimelifikiria hivo. Mwajiri kule analipa maktab pesa nyingi sana kuletewa shagala, yaani mfanyakazi wa ndani, maktab nayo inamlipa ajenti wa huku, ajenti wa huku anampa broka wa mtaani chake. Msichana anaambiwa ni bure, hulipi kitu, na kweli kisheria hafai kulipa, gharama ni za mwajiri. Lakini kwa kichwa cha yule madam ashatoa pesa zake, kwa hivo anataka zirudi kwa jasho. Na ukisema nataka kwenda nyumbani unaambiwa rudisha kwanza gharama. Juu ya hapo kuna kafala, ule utaratibu wa udhamini, makaratasi yako yote yamefungwa kwa kafili mmoja, yaani mwajiri anayekudhamini, hata ile nafuu iliyoanza Saudia Machi 2021 ya mtu kuweza kubadilisha mwajiri, wafanyakazi wa ndani hawakuwekwa. Ndo maana watu wanatoroka wanakuwa kemboi. Kwa wasiojua, kemboi ni mtu aliyekimbia kwa mwajiri anafanya vibarua vya kujificha, wametoa jina kwa yule mkimbiaji wetu wa kuruka maji. Tulicheka, halafu mama mmoja akasema mwanangu ni kemboi mwaka wa pili sasa, Jeddah, tukaacha kucheka.

Sheria wameieleza vizuri na kwa ufupi, pointi hapo. Ni sheria ya Kenya ya 2010. Ili jambo liitwe usafirishaji haramu lazima kuwe na vitu vitatu: tendo, kama kumtafuta mtu, kumsafirisha, kumpokea ama kumhifadhi, njia, yaani uongo, vitisho, nguvu, ama kutumia shida yake, na lengo, ambalo ni kumnyonya. Kwa mtoto hiyo ya katikati haihitajiki kabisa, hata kama mtoto alikubali, hata kama hakudanganywa. Na ukimdanganya mtu mzima akakubali, kule kukubali kwake hakukuokoi. Adhabu ni kifungo kisichopungua miaka 30 ama faini isiyopungua milioni 30, ama vyote viwili, ukirudia ni maisha. Bibi wangu wa kando akasema milioni thelathini nitazitoa wapi mie, kijana mmoja akamjibu bibi kwani umemsafirisha nani, watu wakaangua.

Sasa hapa ndo nifike pale ambapo sikutaka kuandika lakini bila hapo rivyu hii ni nusu.

Walitoa kamba. Kamba ya kuanikia nguo, ile ya bluu ya plastiki, ndefu. Wakamsimamisha msichana mmoja mwisho wa ukumbi karibu na mlango wakamfunga kiunoni kwa utani, huyu ndo anaenda. Halafu wakaanza kuita: nani alimletea habari za kazi? Rafiki yake wa chama, njoo shika kamba. Nani alimuunganisha na broka? Shangazi, njoo. Mpiga picha za pasipoti, njoo. Mtu wa tuktuk aliyempeleka ofisini, wa medikali, broka, ajenti, aliyemsindikiza hadi stesheni apande treni ya Nairobi, mpaka kafili alikuwako, mzee mmoja akajitolea akafunga kilemba kama Mwarabu. Watu wanacheka wanasukumana. Yule dada akauliza, pesa za kumtengenezea makaratasi zilipitia wapi? Watu wote wakageuka wakaniangalia mie. Ukumbi mzima unanijua. Mtu wa M-Pesa, njoo shika.

Nikaenda nikashika. Na pale nimesimama na kamba mkononi nikakumbuka kitu cha miaka mitatu nyuma. Kuna bwana, mteja wangu, mstaarabu, anatoa pesa kwangu karibu kila wiki, siku moja akaniambia dada wewe unaona wasichana wengi hapa, ukipata anayetafuta kazi ya nje nielekezee, utapata ya soda. Nikamuelekezea mmoja, alikuwa anauza viazi karai mkabala na mimi. Nikapewa elfu mbili. Sikuona ubaya, nilijiona nimemsaidia msichana na nimesaidika. Aliondoka, akanitumia picha moja yuko eapoti, na baada ya hapo namba haipatikani. Nilijiambia amepata maisha amenisahau. Kamba ikiwa mkononi sikuweza kujiambia hivo tena.

Yule dada hakunilaumu, hata hakujua. Aliuliza tu swali moja kwa sote tulioshika: kati yenu nani alimjua anayemfuata? Yaani shangazi anamjua broka, broka anamjua ajenti, lakini shangazi hamjui kafili, mtu wa tuktuk hamjui yeyote. Kila mmoja anajua kipande chake tu, na kila kipande ukikitazama peke yake ni kitu kizuri, ni msaada. Nyota tatu kati ya hizo nne ni za hiyo kamba. Nimeona matangazo ya redio na mabango ya moyo wa bluu, ile alama ya kupinga usafirishaji wa watu, na maandamano yenye bendi, hakuna kitu kilichoniingia kama kamba ya shilingi mia.

Sheikh wa msikiti wetu na pasta wa pale juu walikuwako wote wawili, wakaambiwa washike pia, kwa sababu ajenti huwa anaombewa dua na anatoa sadaka. Pasta alikubali mbele ya watu kwamba kuna ajenti alipewa nafasi ya kutangaza kazi baada ya ibada. Huo uungwana sikuutarajia. Wakakubaliana pale pale kwamba tangazo lolote la kazi ya nje, msikitini ama kanisani, jina la kampuni lisomwe kwanza kwenye ile orodha ya maajenti waliosajiliwa na NEA, ile mamlaka ya ajira ya serikali, iko onlaini mtu yeyote anaweza kuangalia kwa simu, na waangalie kama leseni haijakwisha. Inachukua dakika tano. Miaka sita nauza bando na sikuwahi kujua bando linaweza kufanya hivo.

Kulikuwa na mambo mengine waliyapitia haraka, labda haraka mno. Vijana wa kompyuta wanaoahidiwa kazi ya kastama kea Thailand halafu wanavushwa mto usiku kuingia Myanmar, wanafungiwa kwa majumba huko Myawaddy walazimishwe kutapeli watu kwa simu, Februari 2025 walitolewa maelfu huko na Wakenya walikuwemo. Hilo lingepewa saa nzima kwa sababu kila mtu pale aliondoka akidhani haya ni mambo ya wasichana wa kazi za ndani tu. Ya watoto pia, mtoto anatolewa Kilifi ndani ndani huko ama Kwale ati anakuja kusomeshwa na jamaa mjini, anaishia kulea watoto wenziwe na shule haioni. Hiyo haina pasipoti wala ndege na ni usafirishaji vilevile. Walitoa namba 116, ya bure, ya watoto, wakasonga mbele. Na ya Mtwapa na Diani, ya wasichana na watalii, mnayajua, waligusa tu, nadhani kwa kuwa sheikh alikuwa amekaa mbele.

Na wanaume wako wapi? Nilihesabu kumi na moja, wawili wakiwa ni wenye spika. Vijana wa tuktuk na boda ndo wanabeba hawa wasichana na masanduku yao, wao ndo walifaa kuwa wa kwanza kualikwa. Nyota niliyoikata ni hiyo, sio chai.

Ya vitendo sasa, maana hii ndo mnayoniuliza sana. Mkataba uupate siku nyingi kabla, usiwe wa kupewa kwa bahasha eapoti dakika ya mwisho wakati jina lako lishaitwa, uusome jina la mwajiri na mji, na nakala ibaki nyumbani. Pasipoti ni yako, ajenti hana haki ya kukaa nayo. Namba za simu za watu wawili zishike kwa kichwa, na nyengine andika kwa kitambaa ushonee ndani ya upindo wa nguo kwa sababu simu ndo kitu cha kwanza kuchukuliwa, yule dada alituonyesha dera lake alilorudi nalo, namba bado iko, wino umepauka lakini inasomeka. Na muwe na neno na watu wa nyumbani. Yeye na mamake walikubaliana akiuliza habari za mbuzi mweupe, jua mambo ni mabaya, kwani wao hawajawahi kufuga mbuzi. Madam amekaa kando anasikiliza simu imewekwa spika, msichana anauliza mbuzi mweupe amezaa? Mamake akajua. Ilichukua miezi saba tena kumtoa lakini angalau mtu alijua.

Linganisha hiyo na ile kozi ya wiki mbili ambayo wifi alishailipia kwa chuo fulani huku mjini, sitakitaja. Huko amefundishwa kuwasha mashini ya kufulia, kupiga pasi kandora, na kusema naam madam. Hakuna aliyemwambia habari ya upindo wa nguo. Semina ya bure, ya kuchelewa, ya mahamri pungufu, imempa zaidi ndani ya saa tatu.

Na baada ya semina? Hapo ndo utajua kitu ni cha kweli. Usiku ule wifi alimtafuta ajenti wake kwenye ile orodha, hayuko. Akatafuta kwa jina jengine lililo kwa risiti, hayuko. Akampigia kesho yake akiomba pasipoti yake, akaambiwa ashalipiwa viza, akitaka pasipoti alete elfu themanini. Zamani angelia, sisi tungemuonea huruma, na angeenda Riyadh. Mara hii nilimpigia yule dada wa Dammam, akanambia usiende peke yako na usiende na maneno mengi. Jumatatu saa kumi tukaenda watu tisa. Mie, wifi, mamake, mzee wa nyumba kumi, wale akina mama wanne, na pasta. Sheikh alikuwa na maziko lakini alituma salamu kwa simu na simu ikawekwa spika. Hatukupiga kelele. Mzee wa nyumba kumi alikaa akaomba maji ya kunywa, akauliza tu, leseni yako iko wapi mwanangu, tuione, na yule dada wa Dammam akatoa daftari akaanza kuandika. Ndugu zangu, huyo mtu alikuwa na pasipoti kumi na nne kwa droo. Niliziona kwa macho yangu, zimefungwa mpira kama noti. Alitoa ya wifi. Mzee akamwambia na hizo nyengine tutazisubiri, hatuna haraka, akaendelea kunywa maji yake. Zilipotoka zote kulikuwa kumeadhiniwa magharibi. Siku ya pili wakampeleka yule ajenti kuandikisha, huko kunaendelea na sitasema zaidi.

Wenye pasipoti zao wengine walikuja kuzichukulia kwangu, ndo maana nilikuwa na foleni wiki ile na watu wakadhani natoa mikopo. Zimebaki mbili. Ya mmoja ni wa Kaloleni, naambiwa yuaja Ijumaa. Ya wifi iko hapa chini ya kitabu cha M-Pesa, mwenyewe amesema ikae hapo mpaka medikali, kwa sababu bado anaenda, ameshapata ajenti mwengine ambaye tumemsoma kwa orodha na mkataba tumeuona, na neno lao na mamake wamelichagua, sio mbuzi.

Yule msichana wa viazi karai nimetoa jina lake kwa akina mama, na picha ile ya eapoti. Wanaulizia kupitia kwa makemboi wa Riyadh. Bado.

Semina nyengine ni Likoni, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa mbili asubuhi, yaani saa tano. Beba mahamri yako. Kama una boda ama tuktuk njoo nayo, nimeshawaambia waandalizi kamba iwe ndefu kidogo.